Majani Yamelala: Ni Kiu, au Umeuzamisha Mmea?

Hebu toka barazani ukaangalie vyungu vyako. Kuna mmea mmoja umelaza majani, sivyo? Na wewe kwa roho yako nzuri mkono umeshakimbilia kopo la maji. Subiri kwanza. Liweke chini hilo kopo nikusimulie yaliyonikuta.

Siku ya harusi yetu baba mkwe hakutupa seti ya vyombo wala blanketi. Alikuja na miche miwili ya kahawa kwenye viriba, kaibeba mwenyewe toka kitaluni kwake huko milima ya Umatengo. "Huu wa bwana, huu wa bibi," akasema. "Msiipande ardhini mpaka muwe na kwenu." Ukumbi mzima ukacheka. Miezi saba baadaye mzee akafariki. Toka siku hiyo ile miche haikuwa tena pambo la baraza.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Mbamba Bay, kandokando ya Ziwa Nyasa. Kule joto ni joto kweli, na upepo wa ziwani ukianza unakausha mpaka nguo nzito. Nilikuwa nikitoka kazini naikuta miche iko hoi, namwagia kila mmoja kopo moja, asubuhi iko wima. Ikanawiri mpaka wageni wanauliza ni maua gani.

Kisha mwezi wa tano kazi ikatuhamishia Mbinga mjini. Nyumba mpya, mapazia mapya, na mimi nikaona na miche nayo ipate nyumba mpya. Nikanunua vyungu viwili vya kauri, vyeupe, vinang'aa. Picha nikawatumia mashosti, sifa zikamiminika. Kopo langu la jioni likaendelea kama kawaida.

Katikati ya mwezi wa sita majani yakaanza kulala. Nikaongeza maji. Yakalala zaidi. Ya chini yakageuka manjano, mengine yakadondoka. Asubuhi moja mume wangu akasimama barazani, akaniuliza bila kunitazama, "Mke wangu, ndo umeamua miche ya baba ife kwa kiu?"

Jamani! Kiu? Mimi ninayemwagilia kila jioni? Siku mbili hatukuongea vizuri. Usiku kila mtu kageukia ukuta wake. Nilijua haongelei miche tu, anamwongelea baba yake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu, mtu aliyekulia kwenye vitalu vya kahawa. Tukamwamkia, akaitikia, akapitiliza moja kwa moja kwenye vyungu. Majani hakuyajali. Alizamisha kidole kwenye udongo, akakitoa, akakinusa. Akakiinua chungu, akakigeuza chini.

"Maji yanatokea wapi hapa?"

"Hakina tundu, baba," nikajibu taratibu.

"Na nani anamwagilia?"

Tukajibu wote wawili kwa pamoja: "Mimi."

Kumbe bwana! Mume wangu naye alikuwa anamwagilia kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwa kuwa alidhani mimi nimesahau. Baba mdogo akatutazama mmoja mmoja. "Wanangu, hii miche haina kiu. Mmeizamisha."

MMEA UNAKUNYWAJE?

Ili uelewe kosa letu, fikiria tairi la baiskeli. Likijaa upepo linasimama, likipungua linalala. Jani nalo linasimama kwa sababu limejaa maji. Mchana kutwa linapoteza maji kupitia vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na mizizi inapandisha mengine kufidia. Kinachopotea juu kikizidi kinachopanda kutoka chini, jani linalegea.

Sasa, mizizi inaweza kushindwa kupandisha maji kwa sababu mbili zinazopingana kabisa. Ya kwanza unaijua: udongo umekauka, hakuna cha kunywa. Ya pili ndiyo inayotuponza wengi. Mizizi inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna nafasi zenye hewa, na mizizi huchukua oksijeni humo. Ukimwagilia kila mara, zile nafasi zinajaa maji na hewa inakwisha. Mizizi inadhoofika, vimelea vya kuozesha vinaingia, na mzizi uliooza haunywi hata ukiwa ndani ya bwawa.

Kwa hiyo mmea unanyauka huku miguu yake iko majini. Wewe unaona majani yamelala, unasema "maskini, kiu," unamwaga mengine. Hivyo ndivyo watu wenye mapenzi makubwa wanavyoua mimea mingi kuliko wavivu.

DALILI ZINAZOFANANA, NA ZINAZOTOFAUTIANA

Kwa mbali, mmea wenye kiu na uliozama ni mapacha. Sogea karibu.

Mmea wenye kiu: jani ni jepesi na jembamba ukilishika, kingo zake zinakauka na kukatika kama karatasi. Udongo juu ni mkavu, mara nyingi umejitenga na ukuta wa chungu ukaacha ufa pembeni. Chungu chenyewe ni chepesi. Ukiupa maji unaamka ndani ya saa chache.

Mmea uliozama: jani limelegea lakini bado ni laini na zito, halikatiki. Manjano huanzia majani ya chini. Udongo una unyevu siku kadhaa baada ya kumwagilia, pengine una ukungu wa kijani juu na harufu ya matope yaliyolala. Vijinzi vidogo vyeusi vinaruka ukigusa chungu. Ukiuongezea maji hauamki, na asubuhi kukiwa na baridi bado umelala.

Hiyo ya asubuhi ishike sana. Mimea mingi hulegea saa saba mchana jua likiwa kali, kwa sababu maji yanapotea haraka kuliko yanavyopandishwa. Jua likipungua inasimama yenyewe bila msaada wa mtu. Mmea usikuchanganye kwa usingizi wake wa mchana. Uangalie saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa bado umelala saa hizo, hapo ndo kuna tatizo.

UCHUNGUZI WA DAKIKA TANO

Baba mdogo alitufundisha utaratibu, na mimi nimeubandika jikoni. Fuata hatua moja baada ya nyingine, usiruke.

1. Kidole. Kizamishe kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Juu panaweza kuwa pakavu huku chini kumelowa chapachapa. Kikitoka na udongo wenye unyevu umekinata, usimwagilie.

2. Uzito. Inua chungu baada ya kumwagilia, uone uzito wake. Kiinue tena siku ya tatu. Baada ya wiki mbili mkono wako utakuwa mzani, utajua bila hata kuangalia.

3. Tundu. Geuza chungu. Kina tundu chini? Limezibwa na mizizi au tope? Na kile kisahani cha chini, kina maji yaliyosimama toka juzi?

4. Saa. Kama nilivyosema, asubuhi ndiyo yenye ukweli.

5. Mizizi. Kama bado una shaka, laza chungu ubavu, shika shina karibu na udongo, uchomoe taratibu. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ni migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, laini, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Na inanuka.

Sisi tulipochomoa ule mche wa bwana, karibu mizizi yote ilikuwa nyeusi. Mume wangu alinyamaza, akaingia ndani. Ule wa bibi ulikuwa na afadhali, upande mmoja bado mweupe.

SIYO KILA MNYAUKO NI MAJI

Kabla hujajilaumu au kumlaumu mwenzio, angalia na haya.

Mbolea. Kuna watu wanapenda kuharakisha mambo, wanatupia kijiko cha urea kwenye kikopo kidogo. Chumvi za mbolea zikizidi, mizizi inashindwa kuvuta maji hata kama udongo una unyevu. Ncha za majani zinaungua, na wakati mwingine unaona kitu cheupe kama chumvi juu ya udongo. Dawa ni kupitisha maji safi mengi yatoke chini kwenye tundu, kisha uache mbolea kwa muda.

Kuhamishwa. Mche ukitolewa kwenye kiriba na kupandwa chungu kipya hulegea siku chache, kwa sababu mizizi midogo imekatika. Uweke kivulini, uuache upone. Kwa kahawa kuna la ziada: ukifungua kiriba, angalia mzizi mkuu. Ukiwa umejikunja chini, ile sehemu iliyojikunja hukatwa, la sivyo mti utateseka maisha yake yote.

Ugonjwa. Unapanda nyanya au pilipili kwenye ndoo? Ukiona mmea umenyauka ghafla huku majani bado ni ya kijani, na maji yapo ya kutosha, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina, kisimamishe kwenye glasi ya maji safi utulie. Kama ute mweupe unashuka kama moshi, ndiyo wenyewe. Hauna dawa. Ng'oa, utupe mbali pamoja na udongo wake, na usipande tena nyanya wala pilipili kwenye ndoo hiyo.

UKISHAJUA, FANYA HIVI

Kama ni kiu: usimwage ndoo nzima kwa pupa. Udongo uliokauka sana unakataa maji, yanapita pembeni kwenye ule ufa na kutoka chini, wewe ukidhani umeshanywesha. Weka chungu kwenye beseni lenye maji kiasi, uache nusu saa udongo unywe toka chini. Kisha kitoe, kichuruzike.

Kama umezama: acha maji kabisa. Mwaga ya kwenye kisahani. Sogeza mmea kwenye kivuli chenye hewa, siyo kwenye jua kali, kwa sababu mizizi mibovu haiwezi kulilipa jua madai yake. Kama kuna harufu ya kuoza, chomoa, kata mizizi yote laini kwa mkasi safi, upande upya kwenye udongo mpya. Punguza na majani kidogo, ili mizizi iliyobaki isielemewe. Usitie mbolea mpaka uone chipukizi jipya. Na uwe na subira, hapa tunazungumzia wiki, siyo siku.

MBINGA SIYO MBAMBA BAY

Kosa langu lingine lilikuwa la jiografia. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi za lami, safari ambayo ukizama kwenye stori huisikii. Lakini Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko milimani, zaidi ya mita elfu moja. Mwezi wa sita na wa saba Mbinga ni masweta na ukungu. Mmea kwenye baridi unapoteza maji kidogo, unakua taratibu, na udongo wa chungu unakaa na unyevu siku nyingi. Kopo lililokuwa haki ya mche kule ziwani likageuka adhabu huku juu.

Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "mwagilia mara mbili kwa wiki," muulize: wapi? mwezi gani? chungu gani? Ratiba ya shoga yako wa Dar haikuhusu. Hata hapohapo Mbinga, mwezi wa kumi kabla ya mvua kuanza, mmea uleule unaweza kuhitaji maji mara tatu zaidi ya mwezi wa saba.

Wazee wa hapa jambo hili walilijua zamani. Ukipita kwenye miteremko ya Umatengo utaona mashamba yenye mashimo mashimo kama sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro. Nyasi hufyekwa, hupangwa kwa miraba, kisha hufunikwa udongo, katikati panabaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni badala ya kuporomosha mlima, na mahindi au maharage yanakaa juu ya tuta. Mmea una maji jirani lakini haukai ndani yake. Wamatengo wanalima hivyo kwa zaidi ya karne moja, na mimi mkwe wao nikaja na chungu kisicho na tundu!

CHUNGU NA UDONGO

Chungu cha udongo wa kuchoma ambacho hakijapakwa rangi kinapumua, maji yanatoka hata ubavuni. Kinafaa kwa wenye mkono mwepesi wa kumwagilia. Cha plastiki na cha kauri hutunza maji muda mrefu, kwa hiyo kinataka mtu mwenye subira. Kama umependa kile cha kung'aa, usikitupe. Panda kwenye kopo lenye matundu, ulitumbukize ndani yake, na baada ya kumwagilia ulitoe lichuruzike kwanza.

Na ile habari ya kuweka kokoto chini ili maji yatoke, iache. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanasimama juu yake. Unachofanya ni kulisogeza tope karibu na mizizi. Bora uchanganye udongo wenyewe: makopo mawili ya udongo mzuri wa juu, moja la samadi iliyooza vizuri, moja la mchanga wa mto. Finyanga konzi moja ukiwa na unyevu, ukiiachia na kuigusa ivunjike. Isipovunjika, ongeza mchanga.

Kama unajijua una mkono mzito wa maji, chagua mmea wako kwa akili. Kinyume na tunavyodhani, mimea ya ndani si mambo ya Wazungu tu. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za kaua kadogo ka zambarau kutoka misitu ya Usambara. Leo kako madirishani dunia nzima, kanaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Porini kanaota kwenye miamba yenye kivuli, mahali maji yanapita bila kutuama, na ukikalowesha miguu kanakufa. Mwenzake ni Zamioculcas, ule mmea wa maofisini wenye majani mazito yanayong'aa kama umepakwa mafuta. Nao asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki na kushuka kusini. Una vitunguu vinene chini ya udongo vinavyotunza maji, ukiusahau wiki tatu haununi. Unaokufa, mara nyingi umekufa kwa kupendwa.

WAWILI, KOPO MOJA

Mche wa bwana haukupona. Tuliujaribu wiki nne, tukaukata, tukaukuna shina kwa kucha, chini ya ganda hakuna ukijani. Siku aliyouchomoa mume wangu alikaa barazani na udongo mikononi, ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia tangu msiba: kwamba alfajiri zile, akimwagilia, alikuwa anaongea na baba yake. Ndiyo sababu hakutaka nijue.

Na mimi nikamwambia langu, kwamba kila jioni nilikuwa nahofia mche ukifa ukoo mzima utasema mke kaua mti wa mzee. Hakuna aliyekuwa amelala usingizi mzuri mwezi ule, na kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Simaanishi kila ndoa itengenezwe kwa chungu cha maua. Ila kama mnaishi wawili, na kuna kitu mnakipenda wote, semeni nani anakihudumia lini. Sisi tuna kalenda ukutani, anayemwagilia anaweka alama. Yeye ana wiki yake, mimi yangu. Alfajiri anatoka barazani kama zamani, anakaa na mche, na maji haumwagii kama siyo siku yake.

Ule wa bibi ulitoa chipukizi mwezi wa tisa, majani mawili madogo yanang'aa. Tukaacha kuuita wa bibi. Baba mdogo naye akatuletea mwingine, mbegu yake imetoka kwenye mbuni wa zamani wa marehemu, uko palepale nyumbani kwao. Sasa hivi ipo miwili tena, kwenye makopo yenye matundu, ikisubiri tupate kiwanja.

Jumamosi iliyopita, saa saba, jua la kuwaka, ule mkubwa ukalaza majani. Mume wangu akainuka kwenye kiti, kopo tayari mkononi.

"Kidole kwanza, baba," nikamwambia.

Akazamisha. Unyevu. Akacheka, akarudi kukaa, na kwenye saa kumi na moja mche ukasimama wenyewe.